Kifurushi cha Pili

Dharau aliyokuwa nayo Mwalimu Riungu ingetosha kaunti mbili na nyingine ikabaki, na Jumamosi ile aliibeba yote mpaka kwenye korongo la mto Ruanthi, kusini mwa Nkubu. Aliibeba pamoja na mabuti mapya, fimbo ya chuma inayorefushwa na kufupishwa, koti la mvua la rangi ya chungwa, na begi lenye chapati sita, mayai manne ya kuchemsha, soda mbili na chupa ya chai. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alikuwa amefundisha shule za msingi za Tigania kwa miaka thelathini na mitano, akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na tangu hapo alikuwa na njaa ya mtu wa kumsahihisha. Sasa alikuwa amempata.

Mtu huyo alisimama upande wa pili wa daraja, amevaa akala. Naam, akala, viatu vya kukatwa kwenye tairi la gari, katika mwaka huu ambao hata wachunga mbuzi wana simu za kugusa. Mgongoni alikuwa na gunia la sukari lililoshonewa mikanda. Jina lake Nthiga, umri wake miaka thelathini na mitatu, kwao Mbeere, kule chini Ishiara ambako, kwa maoni ya Riungu, hakuna kinachoota isipokuwa mawe na muguka. Na muguka wenyewe Riungu hakuuhesabu kuwa mmea. Mtu wa Kianjai kama yeye, aliyezaliwa chini ya miti ya miraa ambayo babu zake waliipanda, atazameje majani yale ya kutafuna kwa konzi kama mbuzi? Kazi ya Nthiga ilikuwa kuzunguka mitoni akisoma vipimo vya maji, aandike yamepanda kiasi gani na kushuka kiasi gani. Riungu alipoelezwa hilo mara ya kwanza, alicheka mpaka akakohoa. Yaani serikali ilikuwa imeajiri mtu wa kuangalia maji yakipita.

Na huyo ndiye Nkirote alikuwa amempenda. Nkirote, kitinda mimba wake, muuguzi, msichana mwenye akili zake, alikuwa amemshona mtu huyu kidonda cha goti katika zahanati moja karibu na Nkubu, akamwambia arudi baada ya siku saba kutolewa nyuzi, naye akarudi baada ya siku tatu. Miaka miwili ilikuwa imepita. Sasa Nthiga alitaka kutuma wazee wake. Nkirote alimwambia baba yake waziwazi, mbele ya mama yake, kwamba hatatoroka na mtu wala hatakaa na mwanamume bila kibali. Baba akikubali, ataolewa. Baba akikataa, atabaki. Hakulia aliposema hivyo, na hilo ndilo lililomtia Riungu wasiwasi kidogo, kwa sababu mtoto asiyelia ni mgumu kubembeleza.

Jibu la Riungu lilikuwa tayari, nalo lilikuwa hapana. Lakini hapana tupu ingeonekana kama roho mbaya, na yeye alipenda hapana yenye sababu. Ndipo akatunga mtihani. Alisema hakuna Mmbeere atakayeleta wazee kwake kabla hajatembea naye korongo la Ruanthi, kutoka daraja la juu hadi daraja la chini, kati ya asubuhi na jioni. Yeye Riungu alikuwa amelipita, alisema, mwaka wa themanini na tatu, akiwa mwalimu kijana, kwa viatu vya ngozi, tena akipiga mluzi. Nyumbani kwake hapakuwa na mtoto wala mjukuu asiyeijua hadithi hiyo. Kijana akishindwa, arudi kwao. Kijana akishinda, na hapo Riungu hakuwa na maelezo mengi, kwa sababu hakuwa amefikiria mbali hivyo.

Saa moja asubuhi walianza kushuka. Nkirote alitembea katikati, mzee mbele, kijana nyuma. Mjomba wake Nthiga, Mzee Mwaniki, alikuwa ameenda na pikapu kuwangoja kwenye daraja la chini.

Hatua ishirini hazijaisha Riungu akageuka kuangalia kama Mmbeere ameshachoka, na ndipo akaona kilichochungulia kwenye mdomo wa lile gunia. Jani la mgomba. Jani la mgomba lililokunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

Moyo wake ulipiga mara moja kwa nguvu, kisha akatabasamu. Kumbe! Huyu kijana alikuwa ameleta ncoolo.

Kule Tigania mtu haombi mke kwa simu. Anapeleka ncoolo, kifurushi cha miraa teule iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akikiacha kikiwa kimefungwa, amekataa, na wageni humaliza chai yao wakaenda zao. Akikifungua kwa mkono wake, amekubali, na hapo hakuna tena kurudi nyuma. Hakuna aliyeijua sheria hiyo kumshinda Riungu. Miaka mitatu nyuma jirani yake, Mzee Ntoiti, mtu wa macho mabovu, aliingia nyumbani kutoka zizini, akakuta kifurushi mezani, akafikiri ni miraa yake ya jioni aliyowekewa na mkewe, akafungua na kutafuna. Kumbe wageni walikuwa wamekiacha pale wakatoka nje kidogo. Kesi ilipofika mbele ya wazee, Ntoiti alisema, huku machozi yakimlengalenga, "Nilidhani ni yangu." Wazee wengine walianza kumhurumia. Riungu ndiye aliyesimama.

"Ntoiti, ulifungua mwenyewe," alisema siku ile. "Hukushikwa mkono. Uliyodhani ni yako na moyo wako. Msichana ameolewa."

Msichana akaolewa. Ntoiti hajawahi kumsalimia Riungu tangu siku hiyo, na Riungu aliihesabu hukumu ile kati ya kazi zake nzuri maishani.

Kwa hiyo sasa, akishuka korongoni, aliweka nadhiri ndogo: leo mkono wake hautagusa jani la mgomba, hata litokee wapi. Kijana alitaka kumvizia mahali pa shida, amtolee ncoolo mtu akiwa amechoka na mbali na nyumbani. Ujanja wa kitoto. Riungu alimdharau kwa ujanja huo zaidi hata ya alivyomdharau kwa akala.

Korongo lilianza kwa upole. Maji ya mlimani yalipita kati ya mawe meupe, baridi yake ikipanda mpaka magotini. Kuta za mwamba zilikuwa bado mbali, zina mikindu na magugu, na mbega wawili walikaa juu ya tawi wakiwatazama. Nthiga hakutembea kama watu. Alisimama kila baada ya mwendo mfupi, akaangalia nyasi zilizonasa kwenye matawi, akaangalia rangi ya mwamba, mara akachuma jani, akaliangusha mtoni na kulihesabia mpaka lipite jiwe fulani. Riungu alimwambia Nkirote kwa Kimeru kwamba sasa ameona kazi ya serikali, ni kuhesabu majani. Alisema kwa sauti ya kusikika. Kimeru na Kimbeere husikilizana vizuri tu, ila Riungu alikuwa ameamua tangu mwanzo kwamba Kimbeere hakisikii, na kijana alilazimika kuongea naye kwa Kiswahili kile cha sokoni ambacho Riungu alikiona kama kidonda.

Kivuko cha tatu ndicho kilichoharibu mambo. Mto ulijikunja, na palikuwa na njia mbili: juu, kwenye mawe makubwa yenye ukijani, na chini, ndani ya maji yafikayo mapajani.

"Mwalimu, tupite hapa chini," Nthiga alisema. "Hiyo mawe ya juu inateleza."

"Mawe hayo ya juu yanateleza," Riungu akamsahihisha, akapita juu, kwa sababu sarufi ilikuwa upande wake.

Jiwe halikujali sarufi. Buti jipya liliteleza kama sabuni, fimbo ya chuma ikajifupisha yenyewe hadi saizi ya mwiko, na Mwalimu Riungu akakaa chini ndani ya kidimbwi, maji mpaka kifuani, koti la chungwa likimzunguka. Begi alilokuwa amelivaa bega moja kama kijana wa sekondari lilimtoka likaondoka na mto bila haraka, chapati sita, mayai manne, soda na chai, likapita kwenye pindo na kupotea. Nthiga alikuwa ameshaingia majini. Alimshika mzee chini ya makwapa, akamvuta mpaka nchi kavu.

Ungelishika begi, Riungu alimfokea mara tu alipopata pumzi. Yeye alijua kuogelea. Huo ulikuwa uongo, na Nkirote alijua ni uongo, kwa sababu Kianjai hapana pa kujifunzia kuogelea isipokuwa kwenye tangi la kunyweshea ng'ombe.

Waliendelea. Mabuti sasa yalikuwa na maji ndani, yakilia kwa kila hatua kama chura. Akala za Mmbeere zilikuwa zimekauka. Riungu aliona hilo, akaangalia pembeni.

Saa sita walipumzika kwenye mwamba tambarare. Nthiga aliweka kijiwe pale maji yalipogusa ukingo, kisha akafungua mdomo wa gunia, akatoa kifurushi. Riungu alikuwa akikingoja. Aliweka mikono yake yote miwili mgongoni kama mtoto anayeogopa fimbo.

"Karibu, Mwalimu," Nthiga alisema.

"Sitaki."

Nkirote alianza kumweleza baba yake ni nini, lakini Riungu hakumpa nafasi. Alisema hataki, na kwamba siku hiyo hashiki kitu chochote cha majani ya mgomba, na wasimfanye mjinga. Wale vijana wawili wakaangaliana. Kisha Nthiga akafungua kile kifurushi mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na nduma. Nduma nne nene zilizochemshwa, bado zina uvuguvugu, na chumvi kidogo kwenye karatasi.

Harufu yake ilimfikia Riungu mara moja. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu uji wa saa kumi na moja alfajiri. Angeweza kucheka, akasema, kumbe ni nduma, nipeni basi. Mtu wa kawaida angefanya hivyo. Lakini angelazimika kueleza alidhani ni nini, na kwa nini aliogopa, na Riungu hakuwa mtu wa kueleza mbele ya Mmbeere. Aligeuza uso, akaanza kuuchunguza ukuta wa mwamba kama anayetaka kuununua. Aliwasikia wakitafuna. Mate yalimjaa mdomoni, akayameza.

Ndipo dharau yake ilipopata nguvu mpya. Kumbe huyu kijana hata ncoolo haijui! Amekuja kuomba msichana wa Tigania, nyumba ya watu wa mila, na amebeba nduma. Hana habari. Hakuna aliyemfundisha, na kule kwao nani angemfundisha? Riungu alijihisi amepumzika. Adui aliyekuwa akijikinga naye tangu asubuhi hakuwapo kabisa. Lilikuwapo gunia la chakula na mtu mshamba.

Nthiga alirudi ukingoni, akainama. Kile kijiwe kilikuwa kimefunikwa.

"Maji imepanda kidole moja," alisema. "Kunanyesha huko mlimani. Twende."

"Yamepanda kidole kimoja," Riungu alisema, lakini chinichini.

Baada ya hapo korongo likaacha upole. Kuta zilisogeleana, mbingu ikabaki mstari, na mto ukaanza kushuka kwa ngazi za mawe, kila ngazi na kidimbwi chake cheusi. Walivuka mara ya nne, ya tano, ya sita. Walitambaa chini ya mwamba ulioinama, matumbo yakigusa tope. Riungu alichubuka kiganja, goti likaanza kumuuma, na vidole vya miguu ndani ya yale mabuti ya bei ya juu viligeuka malengelenge. Mbele yake akala zilipanda na kushuka bila sauti.

Chini ya maporomoko ya pili, mahali ambapo mto uligawanyika mara mbili kuzunguka mwamba mkubwa kama nyumba, Nkirote aligeuka akauliza kwa nia njema kabisa, "Baba, hapa mlipita upande gani ile siku?"

Riungu aliinua fimbo yake fupi akaelekeza kulia. Wakaenda kulia. Kulia palikuwa na ukuta mtupu, laini, unaochuruzika maji, usio na mahali pa kuweka hata ukucha.

Ukweli ni kwamba Riungu hakuwahi kufika hapo. Mwaka wa themanini na tatu alishuka na walimu wenzake wawili mpaka kidimbwi cha kwanza, akaona maji, akasema tumbo linamuuma, akapanda juu na kuwangoja kwenye kioski. Wenzake ndio waliopita. Wote wawili walikuwa wameshakufa, na hadithi ikabaki haina mwenyewe, akaichukua. Alikuwa ameisimulia mara nyingi hivi kwamba siku nyingine alikumbuka hata wimbo aliokuwa akiupigia mluzi. Sasa alisimama mbele ya ule ukuta na hakukumbuka chochote.

Alingoja kicheko. Angekipokea kicheko kwa furaha, maana mtu akikucheka una haki ya kukasirika. Nthiga hakucheka. Aliutazama ukuta, akamtazama mzee, akasema mto huwa unahama sana, miaka arobaini ni mingi, labda njia ililiwa na maji. Kisha akawaongoza kushoto. Riungu alimfuata akiwa na hasira ambayo hakujua aitue wapi. Kijana alikuwa amejua. Alikuwa amejua, na alikuwa amemfunika, kama mtu anavyomfunika mlevi blanketi njiani. Nani alimwomba?

Ilipofika saa tisa na nusu walikuwa wamebakiza mahali pamoja pagumu, pale wenyeji wanapopaita Mlango. Kuta mbili zinakaribiana mpaka mtu akinyoosha mikono anazigusa zote, na mto wote unapita hapo. Ng'ambo yake korongo linafunguka, na daraja la chini linaonekana. Nthiga alitoa kamba ndefu kwenye gunia. Alisema anaenda kupima kina, na kama panapitika atafunga kamba upande wa pili. Nkirote angeshika ncha ya huku. Mwalimu apumzike hapa, aangalie gunia, goti lake lilikuwa limevimba.

Riungu alipenda kukataa, lakini goti lilikuwa limeshakaa chini.

Wakaenda, wakapotea nyuma ya mwamba. Alibaki peke yake na sauti ya maji. Alikuwa na njaa ya kweli, ile njaa ambayo mtu anaanza kuona madoadoa. Na gunia lilikuwa pale, hatua moja kutoka mguu wake, mdomo wazi kwa sababu kamba ilikuwa imetolewa, na ndani yake kulikuwa na kifurushi kingine. Jani lilelile, kamba ileile ya mgomba. Nduma zaidi. Huyu mtu alikuwa amebeba nduma kama anahama.

Alijiambia hataki. Halafu akajiambia kwamba nduma moja si kitu. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, akajiambia kwamba aliyetengeneza safari ni yeye, na chakula cha safari ni cha wote. Angekula moja tu na kukifunga tena vilevile. Fundo lenyewe lilikuwa la hovyo, fundo la kufungia mbuzi, hata mtoto angeliiga. Akageuzia njia mgongo, akakivuta kifurushi mapajani, akajaribu kwa vidole, vidole vikakataa, akaikata kamba kwa meno.

Jani likafunguka. Hapakuwa na nduma. Palikuwa na miraa, vichipukizi vilivyopangwa kichwa kwa kichwa, vyekundu, vibichi, urefu mmoja, vya mbaine, ile miti mizee ambayo mwenye nayo hamwonyeshi kila mtu. Riungu aliviangalia bila kupumua. Kipande cha kamba ya mgomba kilikuwa kimemnata kwenye mdomo wa chini.

Alijua kabla hajageuka kwamba kuna mtu nyuma yake.

Nkirote alikuwa amesimama pale, maji yakimchuruzika. Hakuwa na uso wa ushindi. Alikuwa amepauka kwa baridi, na macho yake yalitoka kwenye miraa hadi mdomoni mwa baba yake, yakabaki hapo.

"Nilidhani..." Riungu alianza.

Alikuwa ameisikia sauti hiyo mahali, si yake. Ilikuwa ya Ntoiti, akiwa amesimama mbele ya wazee na macho yake mabovu, akisema nilidhani. Na Ntoiti afadhali. Ntoiti alikuwa nyumbani kwake, na haoni vizuri, na hakuwa akiiba.

Nthiga akatokea, amelowa hadi shingoni. Aliona yote kwa mara moja. Alipiga magoti kwenye mawe, akaanza kuvirudisha vichipukizi mahali pake kimoja kimoja, kwa adabu, bila kumwangalia mzee usoni. Alieleza, kama anayeomba msamaha, kwamba alitaka kukitoa kwenye daraja, mjomba Mwaniki akiwapo, kwa njia ya heshima. Asingeweza kukiacha ndani ya pikapu, joto lingeikausha miraa. Riungu aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake, miraa ile ilitoka wapi.

"Mzee Ntoiti ndiye alinipatia," Nthiga alisema. "Jana jioni. Ya mti wake. Hata alinionyesha kufunga, lakini mkono wangu bado haijazoea."

Mto ulipita.

"Mwalimu, hii inafungika," Nthiga akaendelea taratibu. "Kamba iko. Nitafunga tena, tutoke, na mambo iende vile ulikuwa umepanga. Mimi sijaona mtu akifungua. Nkirote pia hajaona."

"Mimi nimeona," Nkirote alisema. Kisha akaongeza, "Lakini sitasema kwa mtu. Utasema wewe, Baba."

Basi njia ilikuwa wazi mbele ya Riungu, pana kuliko zote alizopita siku ile. Kijana aliyemdharau tangu alfajiri alikuwa amemshikia mlango. Angeweza kutoka, akakae nyumbani kwake, akaseme hapana yake yenye sababu, na hakuna ambaye angejua, isipokuwa hawa wawili ambao hawangesema. Angeisimulia safari hii pia. Angeongeza mluzi. Na dharau yote aliyokuja nayo, ile ya kutosha kaunti mbili, ilimrudia sasa usoni, akajiona alivyo: mzee mwenye buti la maji na kamba mdomoni, mwizi wa nduma ambazo hazikuwapo. Hakuwahi kumdharau mtu kama alivyojidharau pale.

Akaitoa ile kamba mdomoni.

"Nilifungua mwenyewe," alisema. "Sikushikwa mkono."

Alinyoosha mkono, akachukua kichipukizi kimoja, akakimenya kwa meno na kutafuna, taratibu, wote wawili wakimwona. Miraa ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyokuwa nayo shambani kwake, na hilo pia lilimuuma. Nkirote alikuwa ameketi chini juu ya mawe ghafla, amefunika uso kwa viganja viwili. Sasa ndipo alipolia.

"Na fundo hili ni la mbuzi," Riungu alimwambia Nthiga kwa ukali. "Utafundishwa."

"Ndio, Mwalimu."

Nthiga aliingiza mkono kifuani mwa shati, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha jani la mgomba. Zilikuwa nduma mbili. Alisema alimwekea tangu saa sita. Mwalimu alikuwa amesema hataki, lakini yeye aliona atataka baadaye, ila hakujua atampa vipi bila kumkasirisha. Zilikuwa zimepondeka kidogo na kulowa upande mmoja.

Riungu alizipokea. Hakushukuru. Alimega, akatia mdomoni kipande kikubwa kuliko adabu inavyoruhusu, akatafuna huku akiangalia maji.

"Mwalimu, lazima twende," Nthiga alisema.

"Mwalimu alistaafu," Riungu alisema, mashavu yamejaa. "Tafuta jina lingine."

Kijana akatazama Mlango, akatazama alama ya maji kwenye mwamba, kisha akanyoosha mkono wake.

"Maji imepanda, Baba," alisema.

Riungu alifungua mdomo amsahihishe, akakuta umejaa nduma. Akaushika ule mkono, wakaingia majini.